Viza yako ilikwisha zamani huko Marekani? Soma hii kabla hujajaza fomu, na kabla hujapanda ndege



Mwaka jana tulizika mama mmoja hapa Kisauni. Mama huyu alinilisha mimi utotoni, nikitoka chuoni jioni napitia kwake kabla sijafika kwetu. Tulimzika baada ya swala ya Alasiri. Mwanawe wa kiume hakuwepo. Alikuwa Columbus, Ohio, saa za asubuhi kwao, anaangalia jeneza likitolewa mlangoni kwa video ya simu ya binamu yake. Bando ilikatika mara mbili kabla hatujafika makaburini.

Siku ya tatu, barazani, nikasikia watu wanasema. Si wazee peke yao, na vijana wa rika langu. "Amesahau mama. Miaka yote hii, hata kuja kumzika?" Mwingine akasema, "Si angekuja tu, halafu aende Gigiri aombe viza nyingine."

Siku ile nilinyamaza, na mpaka leo naona haya kwamba nilinyamaza. Kwa hivyo acha niseme hapa, mbele ya wote mnaofuata ukurasa huu, ninyi mlio nyumbani na ninyi mlio huko majuu mnasoma usiku mkitoka kazini.

Huyu ndugu alikwenda 2018 kwa viza ya matembezi, arusi ya dadake. Uwanja wa ndege akapewa miezi 6. Miezi 6 ikaisha, akabaki. Sikutetei kubaki kwake, yeye mwenyewe hajitetei. Akafanya kazi za ghala, akatuma pesa, ile nyumba yao ikaezekwa upya kwa pesa yake. 2024 akaoa binti ambaye ni raia wa Marekani. Na hapo ndipo maneno yote yalipobadilika, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa na njia ya halali ya kupata grini kadi, na njia yenyewe ilikuwa na sharti moja ambalo hapa barazani hakuna aliyelijua: asitoke.

Sheria yenyewe ni ya 1996. Ukikaa Marekani bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka, kisha ukatoka, huruhusiwi kurudi kwa miaka 3. Ukikaa mwaka mmoja au zaidi kisha ukatoka, ni miaka 10. Angalia hapo, adhabu inaanza ukitoka. Haianzi ukiwa umekaa. Yule anayekwambia "rudi tu uje uombe upya Gigiri" anakwambia ujifungie mlango kwa mkono wako. Upo msamaha unaoweza kuombwa, lakini lazima uonyeshe kwamba mke, mume au mzazi wako aliye raia au mkaazi wa kudumu atapata dhiki kubwa sana, na unaweza kukataliwa.

Lakini ukiwa umeingia kwa viza, ukapita kwa afisa, pasi ikagongwa muhuri, na sasa mumeo au mkeo ni raia wa Marekani, sheria ya uhamiaji inakuruhusu kuomba ukaazi wa kudumu ukiwa papo hapo ndani ya nchi. Kule kukaa kupita muda kunasamehewa. Hata kufanya kazi bila kibali kunasamehewa. Ruhusa hii wanaipata pia mzazi wa raia aliyefikisha miaka 21, na mtoto wa raia ambaye hajaoa na hajafika miaka 21. Wengine, mara nyingi hapana.

Sasa swali ambalo naulizwa inboksi karibu kila wiki: je, ni lazima niwe na wakili?

Sheria haikulazimishi. Fomu ziko bure kwenye tovuti ya idara yao ya uhamiaji, USCIS, na maelezo ya kila fomu yako hapohapo. Watu kwa maelfu wanajaza wenyewe na wanapata. Wakili anadai maelfu ya dola, na mtu wa ghala hana. Maoni yangu ni haya: kujaza fomu unaweza. Ni kazi ya subira tu. Usichoweza kufanya peke yako ni kujua kama kesi yako ni ile rahisi au ni ile inayofanana na rahisi. Kwa hiyo hata kama huna pesa ya wakili wa kesi nzima, lipa saa moja. Wakili akusikilize, aangalie karatasi zako, akwambie kama kuna shimo mbele. Kama hata hiyo huna, zipo taasisi za hisani zenye watu walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani kushughulikia kesi za uhamiaji bila kuwa mawakili, na bei yao ni ndogo au ni bure. Omba uonyeshwe kibali chao.

Mimi si wakili. Nina diploma ya maendeleo ya jamii, na kazi yangu hapa ni kuwasaidia watu na vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho. Ndugu yangu wa Columbus alinitumia zile fomu kwa WhatsApp kwa sababu ananijua kama mtu wa makaratasi. Tukazisoma pamoja kwa simu, usiku kwangu, mchana kwake, kwa muda wa wiki tatu. Ninayowaambia ni yale tuliyoyaona.

Kwanza kabisa, umeingiaje? Tafuta rekodi yako ya kuingia, inaitwa I-94, unaichapa bure kwenye tovuti ya maafisa wa mpaka wao. Tarehe inayohesabiwa ni ile ya I-94, si ile iliyoandikwa kwenye viza. Wengi hapa wanachanganya. Na wanafunzi, mara nyingi ninyi hamkupewa tarehe, mliandikiwa herufi "D/S", maana yake mpaka masomo yaishe. Hesabu yenu ya siku si sawa na ya mtu wa matembezi, kwa hivyo msichukue hesabu ya rafiki mkaifanya yenu.

Kama ulivuka mpaka bila kupita kwa afisa, simama hapa, hii njia si yako, muone wakili.

Halafu vijana wa bandarini, hii yenu. Mombasa tunao wengi waliokwenda kama mabaharia, wakashuka meli Houston ama New Jersey na hawakurudi melini. Aliyeingia kama baharia, kwa viza ya C-1/D, sheria inamkatalia kuomba akiwa ndani ya nchi, hata akioa raia, hata akizaa nao watoto watano. Inauma lakini ndivyo ilivyo. Baharia akijaza zile fomu mwenyewe, atalipa, atakataliwa, na amejitaja. Na baadhi ya walioingia kwa viza ya J-1, ya mabadilishano, wana sharti la kurudi nyumbani miaka 2 kwanza. Angalia viza yenyewe, mara nyingi imeandikwa.

Je, mwenzio ni raia, au ana grini kadi tu? Tofauti ni kubwa. Ukiwa na mke mwenye grini kadi na wewe viza ilishakwisha, ule msamaha niliotaja haukuhusu, mpaka yeye awe raia kwanza. Nimeona watu wanaharakisha, wanatuma, wanapoteza pesa.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi Waislamu hasa, na ambalo hakuna video ya YouTube iliyonieleza. Nikahi.

Sisi tunajua nikahi ni ijabu na kabuli, walii, mashahidi wawili, mahari. Mbele ya Mwenyezi Mungu mmeoana. Lakini idara ya uhamiaji inauliza kitu kimoja: ndoa hii ni halali kwa sheria ya mahali ilipofungwa? Hapa Kenya, nikahi ikiandikishwa ina cheti cha serikali. Kule, karibu majimbo yote yanataka mchukue leseni ya ndoa kwa ofisi ya kaunti kabla, imamu aijaze, irudishwe kaunti. Wapo vijana wamefungishwa nikahi msikitini Columbus au Minneapolis, wakala pilau, wakaishi miaka, na hawana leseni. Kwa idara hao hawajaoana. Dawa yake si ngumu, mnakwenda kaunti mnachukua leseni, lakini fanyeni kabla ya kutuma fomu. Na tarehe ya ndoa yenu kwa serikali itakuwa ya leseni, mtaeleza kwamba nikahi ilitangulia. Elezeni tu ukweli.

Kubwa kuliko hiyo ni talaka. Kaka, kama ulimuacha mke Malindi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kisheria bado ana cheti cha ndoa na wewe. Idara itataka cheti cha talaka. Hapa nyumbani hiyo ni kazi ya Kadhi, mahakama yake iko kwenye Katiba, kifungu cha 170, na inatoa karatasi. Ukioa raia huku ndoa ya kwanza haijavunjwa kwa karatasi, ndoa ya pili kwao ni batili, na kule kuoa wake wawili ni kosa la jinai. Ndani ya fomu ya I-485 kuna swali kabisa linauliza kama unakusudia kuishi na wake wengi Marekani. Nimesikia mtu akisema, "Nitaandika hapana, nani atajua?" Atajua afisa siku utakayomletea yule wa kwanza fomu. Na usiweke mtego wa kumuacha mke kwa karatasi tu huku nyumbani mnaendelea. Huo ni uongo, na huyo mwanamke wa Malindi ana haki zake wewe unazichezea.

Dada, na wewe pia. Kama uliachika, usisubiri mwanamume aseme ndiyo. Nenda kwa Kadhi upate karatasi yako. Bila hiyo hutafunga ndoa nyingine inayotambulika.

Na ndoa ya kununua? Nitaipitia haraka, kwa sababu mnajua. Kuna mtu atakwambia dola elfu kadhaa na unapata mke wa karatasi. Likithibitika, hakuna ombi lolote la familia litakalokubaliwa kwako tena maisha yako yote, hata ukija kuoa kweli baadaye. Basi.

Turudi kwa ndugu yangu. Tulipofika sehemu ya maswali ya ndiyo na hapana, fomu inauliza: umewahi kudai, kwa maneno au maandishi, kwamba wewe ni raia wa Marekani? Nikamsomea, nikasubiri. Akanyamaza. Nikadhani bando imekatika tena.

Ukianza kazi Marekani unajaza fomu ya I-9, na juu kuna vijisanduku: raia, mkaazi wa kudumu, aliyeruhusiwa kufanya kazi, na kadhalika. Mtu anajaza saa kumi na moja alfajiri, meneja amesimama, foleni ndefu, anaweka alama popote. Kufanya kazi bila kibali kunasamehewa kwa mume wa raia, nimeshasema. Lakini ukiweka alama kwenye "raia", hilo halina msamaha kwa anayeomba grini kadi. Ni marufuku ya maisha. Vilevile kama ulijiandikisha kupiga kura ulipokwenda kuchukua leseni ya gari, ukasema ndiyo kwa kila swali kwa sababu ulikuwa na haraka.

Hakukumbuka. Wallahi alikuwa hakumbuki. Ghala la pili, 2020, alijaza bila kusoma. Usiku ule nikamwambia tufunge kompyuta, asitume chochote. Hapo ndipo alipolipa ile saa moja ya wakili. Wakili akamwambia aombe nakala ya fomu kwa mwajiri wake wa zamani kabla ya kitu kingine. Ikachukua siku 19. Alikuwa ameweka alama kwenye "aliyeruhusiwa kufanya kazi". Si kweli hiyo, na wakili alimwonyesha namna ya kulieleza, lakini si dai la uraia. Angekuwa ameweka alama kwenye "raia", kisanduku kimoja tu, leo ningekuwa naandika makala nyingine.

Na angekuwa ametuma bila kujua, ingekuwaje? Hapa lazima niwaambie ukweli wa sasa. Tangu Februari 2025, USCIS imetangaza kwamba ikimkataa mtu asiye na ruhusa ya kuwepo, inamwandikia hati ya kufika mbele ya jaji wa uhamiaji. Zamani ukikataliwa mara nyingi ulibaki ulivyokuwa. Siku hizi kukataliwa ni mlango wa kufurushwa. Mwishoni mwa 2025 kulikuwa na habari kutoka San Diego za wanandoa wa raia kukamatwa palepale kwenye mahojiano ya grini kadi. Na kwenye mahakama hizo serikali haikupi wakili, ukitaka unalipa mwenyewe. Sisemi haya kuwatisha msiombe. Kukaa miaka 20 bila karatasi nako si usalama. Nasema ndiyo maana ile saa moja si anasa.

Kuna ambao nawaambia waziwazi, usijaze peke yako hata chembe: kama jaji alishawahi kutoa amri ufurushwe, hata kama hukuwepo siku hiyo na hukupata barua, kama uliwahi kutoka na kurudi baada ya kupitiliza muda, kama umewahi kukamatwa na polisi, hata kesi ikafutwa, kama pasi yako ni ya nchi iliyowekwa kwenye marufuku ya kusafiri ya Juni 2025, Somalia ikiwemo. Na miraa, jamani. Hapa ni biashara halali, gunia linapanda ndege. Kule kiini chake, cathinone, kimewekwa daraja moja na dawa kali zilizopigwa marufuku. Bangi nayo, hata kama jimbo limeihalalisha kama Ohio, serikali kuu haijaihalalisha, na uhamiaji ni wa serikali kuu. Ukiwa na kesi ya vitu hivyo, au unafikiria kumwambia afisa "mimi hutafuna kidogo wikendi", ongea na wakili kwanza.

Haya, kama wewe si mmoja wa hao, pakiti yenyewe iko hivi. Mwenzio raia anajaza I-130 kusema wewe ni mume au mke wake. Wewe unajaza I-485 kuomba ukaazi. Zinatumwa pamoja. Unaweka I-765 ya kibali cha kazi, kwa sababu kusubiri kunaweza kuwa kurefu na nyumba inataka kodi. Mwenzio anajaza I-864, kiapo cha udhamini. Unaweka I-693, ripoti ya daktari, na si daktari yeyote, ni yule aliye kwenye orodha ya USCIS. Tangu Desemba 2024 ripoti hiyo inatakiwa iende pamoja na I-485, si baadaye.

Ada za tangu Aprili 2024 ni dola 675 kwa I-130 ya karatasi au 625 ya mtandaoni, 1,440 kwa I-485, na 260 kwa kibali cha kazi ukiomba pamoja. Daktari ana bei yake mbali. Angalia tovuti siku ileile unayotuma, ada hubadilika, na fomu pia. Chini ya kila ukurasa wa fomu kuna tarehe ya toleo. Toleo la zamani, ada pungufu au sahihi iliyosahauliwa, bahasha nzima inarudishwa.

Hiyo I-864 nataka tuiongelee kidogo, maana tunaichukulia kama kumwekea mtu dhamana ya simu. Mdhamini lazima awe na kipato cha angalau asilimia 125 ya kiwango chao cha umaskini. Kwa 2025, nyumba ya watu 2 ilikuwa dola 26,437 kwa mwaka. Mwenzio akiwa hafiki, mtu mwingine anaweza kudhamini naye, na mara nyingi ni shangazi au mjomba. Mwambieni shangazi ukweli. Kile kiapo hakiishi mkiachana. Kinaendelea mpaka uwe raia, au uhesabiwe robo 40 za kazi, takriban miaka 10, au uondoke moja kwa moja, au mauti. Asitie sahihi akidhani ni barua ya kukutambulisha.

Vyeti kutoka nyumbani. Wengi wetu wa Pwani na Kaskazini Mashariki tulipata vyeti vya kuzaliwa tukiwa wakubwa, tena baada ya kusumbuliwa, mnajua wenyewe. Afisa akiona umezaliwa 1995 na cheti ni cha 2014 anaweza kuuliza. Jiandae: kadi ya kliniki kama mama aliiweka, rekodi za shule ya msingi, chuo, na viapo vya watu wawili waliokujua tangu kuzaliwa. Majina nayo. Pasi inasema majina matatu, cheti mawili, nikahi inasema "bin" fulani. Yaandike yote kwenye nafasi ya majina mengine uliyotumia. Karatasi ya Kiswahili au Kiarabu inataka tafsiri ya Kiingereza yenye sahihi ya aliyeifasiri, akithibitisha anazijua lugha zote mbili. Usiifasiri mwenyewe, hata kama Kiingereza chako ni cha malkia.

Na picha! Hapa tulicheka kidogo, cha kwanza tangu msiba. Afisa anataka kuona kwamba ndoa ni ya kweli: mkataba wa nyumba wenye majina yenu, akaunti, bima, ujumbe, picha za arusi. Ndugu yangu ana picha 200 za arusi na hakuna hata moja ya siku ya nikahi akiwa na mkewe. Wanaume msikitini, wanawake nyumbani, picha za akina mama haziruhusiwi kutoka. Afisa asiyejua atasema huyu ameoa peke yake. Tukaandika barua fupi kueleza desturi, imamu akaandika yake, na tukaweka picha za kawaida za hao wawili: sokoni, Idd, wamebeba magodoro siku ya kuhama.

Kuna watu wa mtaani huko majuu wanaojaza fomu kwa pesa. Wengine ni waaminifu. Kipimo ni kimoja: aliyekujazia analazimika kuandika jina lake na kutia sahihi mwisho wa fomu, sehemu ya mtayarishaji. Akikwambia "usiniweke mimi", chukua karatasi zako uondoke. Maana sahihi yako wewe ni ya kiapo. Alichokiandika yeye umekisema wewe.

Ukishatuma, weka nakala ya kila ukurasa. Ukihama nyumba, waarifu ndani ya siku 10. Watu wamekosa barua ya mahojiano kwa sababu ilikwenda kwa chumba walichohama. Ikija barua ya kuomba ushahidi zaidi, ina siku ya mwisho, usiiweke juu ya friji. Grini kadi ikitoka kabla ndoa haijafikisha miaka 2, ni ya miaka 2 tu, na ndani ya zile siku 90 za mwisho mnajaza I-751 kuondoa sharti. Wengi wanafurahi, wanasahau.

Na kusafiri. Ombi likiwa linasubiri, ipo fomu ya I-131 ya ruhusa ya kutoka na kurudi. Usiitumie bila kuongea na wakili, hata ikiwa mkononi. Ukitoka bila hiyo, ombi lako la ukaazi linahesabika umeliacha.

Ndugu yangu alituma pakiti. Risiti zimekuja, barua ya alama za vidole imekuja, ameshakwenda, amerudi nyumbani salama. Mahojiano bado. Wakili wa ile saa moja amekubali kumsindikiza siku hiyo kwa malipo ya siku moja, na jamaa wa msikitini wanamchangia. Ameniomba picha ya kaburi la mamake, nimeenda nimempigia, kibao kimeshawekwa.

Mkiniandikia inboksi, msinitumie namba ya pasi wala picha ya viza, hapa si mahali pake. Andikeni swali tu.

Ijumaa iliyopita mmoja wa wale vijana wa barazani alinivuta kando baada ya swala. Ana kaka yake Minneapolis, viza ya matembezi ilikwisha 2021, ameoa raia, na anataka kuja Idd amwone baba. Tiketi anaikata mwisho wa mwezi. Nikamwambia ampigie saa ileile. Kule bado ilikuwa alfajiri, tukamwamsha.